Mama Pacha na Wifi Yake wa Meza ya Dirishani

Wivu wa Mama Pacha ulianza siku mumewe alipomtafutia dada yake kazi katika ofisi ileile ya mkewe. Kabla ya hapo, mtengenezaji wa programu katika ile ofisi alikuwa yeye peke yake. Sasa wifi akapewa meza ya dirishani, yenye hewa.

Mtandao ulipokatika, mhasibu alibandika tangazo mlangoni: "Wifi haifanyi kazi." Mtu akafuta herufi moja, likasomeka "Wifi hafanyi kazi." Ofisi nzima ilivunjika mbavu, wifi mwenyewe akicheka kuliko wote. Mama Pacha alitamani tu ingekuwa kweli.

Walikuwa wakitengeneza programu ya mpima macho wa ghorofa ya chini. Kwenye skrini, Mama Pacha alishika dirisha la orodha ya wagonjwa, wifi akashika la vipimo vya lenzi. Kila dirisha lilikuwa na kidhibiti chake, kile kipande cha programu kinacholeta taarifa na kukumbuka mgonjwa aliyechaguliwa.

"Wifi," alisema yule dada wa mume, "vitapishana hivi. Tuweke sehemu moja inayojua nani kachaguliwa, vidhibiti vyote viisikilize."

"Changu hakina shida. Chako kifuate changu."

Wazo alilielewa vizuri sana. Ila jana yake mumewe alikuwa amesema mezani, "Dada yangu kichwa anacho," naye akasukuma sahani pembeni.

Haukupita muda, mpima macho akapanda ngazi akihema.

"Nimebofya jina la dereva, vipimo vikabaki vya mwalimu! Nimeshakata lenzi!"

Meneja akamgeukia wifi, maana dirisha la vipimo lilikuwa lake. Mama Pacha akaendelea kuandika kama vile halimhusu, na moyoni akaona raha. Wifi hakumnyooshea mtu kidole. Aliomba radhi, akainamia kompyuta, masikio yamemwiva.

Ile raha haikudumu hata mpaka chai. Mama Pacha aliburuta kiti chake hadi dirishani.

"Sogea. Kosa ni letu wote. Langu zaidi."

Aliitengeneza ile sehemu moja inayojua nani kachaguliwa, akakivunja kidhibiti chake, akaking'oa kumbukumbu yake, akakisuka upya kiisikilize. Wifi akafanya vivyo hivyo kwa chake. Wakabofya jina la dereva, vipimo vya dereva vikatokea. Wakabofya la mwalimu, vikabadilika papo hapo.

"Binti huyu moto!" meneja akasema, akimpiga wifi begani.

Jioni nyumbani, mume naye akaanza. "Nasikia dada yangu..."

"Na mimi nipo!" Mama Pacha aliweka bakuli kwa kishindo. "Au mimi nilikuwa nafagia?"

Wifi, aliyekuwa amempakata pacha mmoja, akadakia: "Kaka, mimi nilitoa wazo tu. Kazi nzito kaifanya mkeo. Mimi nisingeweza."

Mume akaomba radhi, na ilionekana inatoka moyoni. Mama Pacha akashukuru, akaenda jikoni kuchukua maji. Kule akasimama kidogo, amekunja uso: hata sifa zake mwenyewe, lazima zipitie mdomo wa wifi!