Mara Thelathini na Moja kwa Saa

Kwa miaka miwili nilisifiwa kwa ujanja ambao sikuwa nao. Nikishuka Kamsamba kununua mpunga, muuzaji anataja bei, mimi kimya, kichwa nimeinamisha, mikono tumboni. Anasubiri, anapunguza. Mimi bado kimya. Anapunguza tena. "Huyu mzee wa Tunduma ana roho ngumu," wakawa wanaambiana. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimelala.

Sikuwasahihisha. Nani anarudisha punguzo?

Kisha nikalala kwenye usukani. Saa nane mchana, tunapanda kurudi Tunduma na magunia nyuma, mke wangu pembeni. Yeye ndiye aliyeudaka usukani, gari likaingia kichakani na kuzimika. Hakupiga kelele. Alichomoa ufunguo, akaufunga kwenye pindo la khanga.

"Baba, gari hili sipandi tena ukiendesha wewe."

"Nimesinzia kidogo tu, mama."

"Unasinzia kanisani. Unasinzia tonge likiwa mkononi. Na ukilala unakata pumzi."

"Nakoroma. Wanaume tunakoroma."

"Kukoroma nimezoea. Mimi nasema pale unaponyamaza."

Jumapili, baada ya chakula, nikajilaza mkekani. Akakaa kando na simu yenye saa na kisahani cha punje za mahindi, kila pumzi ikikatika punje moja inahama. Kuamka nikakuta kumi na nne, kwa nusu saa. Nikazihesabu. Nikazihesabu tena.

Tukapanda basi hadi Mbeya. Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa binti wa umri wa mwanangu mkubwa, na alimsikiliza mke wangu kuliko mimi. Akanichungulia kooni, akanizungushia futi shingoni: sentimita arobaini na nne. Nikamwomba apime tena. Ikatoka ileile. Akanipa kifaa cha kulala nacho gesti, mkanda kifuani, kimpira puani na kibanio kidoleni. Asubuhi nikakirudisha.

"Mara thelathini na moja kwa saa," akasema. "Ukilala koo linalegea, njia ya hewa inaziba, ubongo unakuamsha kidogo upumue. Wewe hujui, lakini hujalala."

Nikapiga hesabu. Kila dakika mbili mtu ananikaba, na mtu mwenyewe ni mimi. Ajabu ni kwamba nilifurahi mpaka nikataka kusimama. Kumbe si uzee, si uvivu, wala si mkono wa mtu, kama dada yangu anavyonong'ona tangu mwaka jana. Ni koo tu.

"Daktari, hapo hakuna kupungua?"

"Kupungua kupo, mzee wangu. Anza na tumbo. Bia za jioni acha, lala ubavu. Na utumie mashine ya kusukuma hewa. Gari usiguse mpaka nikuambie."

Bei ya mashine nilibishana nayo siku mbili nikashindwa, na sijawahi kushindwa huku nacheka namna ile. Ukiivaa ile barakoa unafanana na rubani aliyeibiwa ndege. Lakini asubuhi ya kwanza niliamka kabla ya jogoo wa jirani, kichwa chepesi, mdomo haujakauka. Nikafagia uwanja. Nikaosha gari ambalo sikuruhusiwa kuliendesha, kisha nikaliosha tena.

"Ulitulia hadi nikaogopa," mke wangu akasema. "Nimekugusa pua mara tatu."

Baada ya miezi miwili daktari akasoma kumbukumbu za mashine. Mara mbili kwa saa. Kutoka thelathini na moja hadi mbili. Sijapata punguzo la namna hiyo tangu nianze biashara. Akaniruhusu kuendesha. Mke wangu yeye alichukua wiki nyingine nzima kufikiri.

Siku tuliyoshuka Kamsamba alikaa amenigeukia, ananitazama macho. Kila nikipepesa ananiuliza swali: jina la mwenyekiti wa kitongoji, idadi ya magunia. Nikajibu yote. Tulipoingia kwenye joto la bondeni maswali yakapungua, halafu yakakatika. Nikageuka. Alikuwa amelala, kichwa dirishani, mdomo wazi.

Nikapunguza mwendo kwenye mashimo, asije akaamka.