Kirusi Kwenye Diski ya Mkunga

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida, mke wangu alikunywa chai amesimama, akapuliza vumbi kwenye kibodi, akaniambia, "Baba, hicho kiti kitakuotea mizizi." Kibanda chake cha kompyuta kilikuwa na meza mbili na hicho kiti. Yeye alitengeneza, mimi nilikaa.

Mkunga akaingia na diski ya kompyuta yake, ameifunga kwenye kitambaa kama kichanga. Humo ndani mlikuwa na watoto wote aliowapokea miaka tisa: jina, siku, saa, uzito. Madaftari yalishalowa paa lilipovuja. Mzazi akitaka cheti cha mtoto, tegemeo ni hapo tu. Sasa kirusi kimeingia, ukifungua patupu.

"Fundi mmoja kasema tufute yote tuanze upya."

"Kwani mtoto akikwama, wewe huwa unafuta?" mke wangu akamuuliza.

Mkunga akacheka, akakaa ukingoni mwa meza.

Mke wangu aliichomeka diski kwenye mashine yake, akaiwasha mashine kwa CD safi. "Tukiwasha kama kawaida, kinaamka nasi," alinieleza. "Hivi tunakikuta kimelala."

Akapekua, akaking'oa. Akaandika mstari mmoja wa herufi, wa kufichua kilichofichwa, akabonyeza. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo. Yakashuka, yakashuka. Mkunga akasimama. "Huyu alitanguliza miguu," alisema, akigusa kioo. "Na hawa pacha." Mwili ulinisisimka. Palikuwa hapana kitu, sasa pamejaa watu.

Mke wangu akaiwasha mashine kwa njia ya kawaida, kuhakikisha, akaenda kusuuza kikombe. Aliporudi, patupu. Mkunga akashika kichwa. Mke wangu alianza mwanzo, saa nzima, majina yakarudi. Akatoka tena kumwaga maji. Kurudi, patupu.

Safari hii hakugusa kitu. Alisimama tu, akasikiliza. Spika ilikuwa inaimba.

Kila siku akitoka, huwa nachomeka kwenye mashine yake flashi yangu ya nyimbo, niliyojaziwa na kinyozi. Tulishazoea. Wimbo ulikuwepo na hakuna aliyeusikia.

"Baba," alisema taratibu, "ni wewe."

"Kumbe mgonjwa tunaye humu humu," mkunga akasema, "na chai anakunywa."

Sikuwa na pa kuficha uso. Mke wangu akasafisha diski, akasafisha na flashi, kisha akakaa na yale majina mpaka akaridhika. Mkunga aliondoka jioni na watoto wake wote kifuani.

Kesho yake mke wangu aliamka kifua kimembana. Siku ya nne tukamzika.

Flashi ninayo mfukoni. Spika iko kimya. Siku ile aliponirudishia, aliifuta kwanza kwa pindo la gauni, akaniwekea kiganjani, akasema: "Nyimbo zako zote zipo, sikugusa hata moja. Ila usiichomeke popote bila kuniuliza."