Bastola Mpya Mbele ya Baba Mkwe

Jamani, mpaka leo naona haya kupita Bombambili, anakoishi baba mkwe.

Tangu biashara ziachiwe huru, duka langu la Lizaboni limejaa redio na mitumba, na majambazi wameanza kulizoea. Nikanunua bastola. Kabla ya kukabidhiwa rasmi, nilitakiwa kuonyesha kwenye uwanja wa shabaha kwamba naimudu. Baba mkwe akaja kunidhamini.

"Afande, huyu namjua," alisema. "Ni mtu makini, na bunduki ameishika tangu utotoni."

Kweli niliishika, ila lilikuwa gobore la marehemu baba. Gobore ukishalifyatua mara moja limekwisha. Mpaka ulishindilie baruti upya, ni fimbo tu.

Ile bastola ilikuwa ndogo kama kitu cha kuchezea, nami mjinga nikaidharau. Nikafyatua, na karatasi ya shabaha ikatoboka katikati kabisa. Kwa furaha nikageuka nayo mkononi, kidole bado kwenye kifyatulio.

"Baba, umeona?"

Wote walikuwa wamelala chini.

"Ina risasi bado!" afande akapiga kelele. "Iweke chini!"

Baba mkwe, mzee ambaye hata kumwamkia huwa nainamisha macho, alikuwa kifudifudi kwenye matope na Kaunda suti yake ya kanisani. Akainua kichwa taratibu.

"Afande," akasema, "yale maneno kwamba namjua, naomba uyafute."