Dhoruba ya Jua Niliyoisingizia

Ilianza Jumanne, saa kumi na dakika ishirini jioni, jikoni kwetu Buffalo, Marekani. Mama aliuliza, "Aline, mbona dada yako hapokei simu zetu?"

Dada Odeta alihamia Louisville kufanya kazi ghalani, nami nimemkumbuka mpaka nalalia mto wake. Jumanne ile mwalimu wa sayansi alikuwa ametueleza kwamba dhoruba za jua huvuruga mawimbi ya redio na setilaiti, na watafiti bado wanajifunza kuzitabiri. Simu za kawaida hakuzitaja. Hizo niliziongeza mwenyewe.

"Ni jua, Mama," nikasema. Nilitaka sana iwe kweli.

Jumamosi mchana tukaingia kwenye maombi ya simu, ambapo familia zetu za Buffalo, Columbus na Louisville huomba pamoja. Zamu ya Mama ilipofika, akasema, "Tuombe jua litulie, simu za Louisville hazishiki."

Mchungaji, aliye Columbus, akauliza, "Louisville, mnatusikia?"

"Vizuri kabisa, mchungaji," akajibu Odeta. "Mama, habari za jua kakupa nani?"

"Mdogo wako, msomi wetu!"

Watu wa miji mitatu wakacheka. Nikajifunika blanketi usoni, utadhani wananiona.

"Simu yangu ni nzima," Odeta akasema polepole. "Ila Aline akiniuliza narudi lini, nalia zamu nzima kazini."

Nikaliondoa blanketi usoni.

Kesho yake asubuhi nilimwandikia: "Sitakuuliza unarudi lini. Pokea tu." Kisha nikapiga.