Kiikoma cha Fundi Cherehani

Fundi cherehani wa hapa Robanda, kijiji kinachopakana na Serengeti, huongea na wateja Kiswahili, na bintiye Kiikoma, hata akiwa amebana pini midomoni. Mwalimu mmoja humwambia kila akija kuchukua suruali, “Mama, unamchanganya mtoto.” Fundi hukata uzi kwa meno kwanza, ndipo hujibu, “Na bibi yake aongee na nani?” Jana alasiri nilikaa kwenye benchi lake nikisubiri gauni langu. Watoto wa shule, binti wa fundi akiwemo, walikuwa wametupita punde tu, wakashika njia inayokatisha shamba la mtama, mrefu kuliko vichwa vyao. Bibi huyo, asiyejua Kiswahili, alikuwa juu ya dungu akilinda shamba. Ghafla akapiga kelele kwa Kiikoma. Mguu wa fundi ukaganda kwenye pedeli. “Tembo,” akaninong'oneza. Kisha tukasikia sauti ya bintiye kutoka ndani ya mtama: “Rudini! Bibi anasema tembo wako mbele!”

Wakatoka mbio, wote saba, mtoto wa mwalimu akiwa wa mwisho na kiatu kimoja. Fundi akawahesabu kwa kidole, akawahesabu tena. Alirudi kwenye gauni langu, lakini uzi ukakataa kuingia kwenye sindano, bintiye akamtungia. Jioni mwalimu alikuja bila nguo ya kushona. Alimsogeza mwanawe mbele, akasema, “Mama, na huyu mchanganye.”