Ndege Tuliyoikata Sikio

Hivi wewe umeshaona ndege ya vita kwa juu, mgongoni kwake? Sisemi picha ya kwenye simu. Nasema kwa macho yako hayo mawili. Basi hata mimi sijaona. Sisi watoto wa Maretadu tuliijua tumbo tu, na hilo tumbo ndilo lililotuponza.

Nimekumbuka haya kwa ajili ya mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili. Alipomaliza kidato cha sita alikuja kukaa na mimi hapa Dongobesh. Siku moja gari la Arusha likamletea boksi kutoka kwa mjomba wake. Nikajua ni viatu. Kafungua, kumbe ni vipande vya plastiki, vidogo vidogo, vimeshikana kama mifupa ya dagaa. Kuna gundi, kuna vikopo vya rangi kama vya kupakia kucha, na vinanuka hivyo hivyo. Akasukuma maharage yangu niliyokuwa nachambua, akakaa mezani.

"Hii nini tena?"

"Ndege ya kivita, Bibi. Naiunga, halafu naipaka rangi. Imepunguzwa mara sabini na mbili."

"Nani kaipunguza?"

Akacheka mpaka akaangusha bawa. Akanieleza kwamba kila kitu, tairi, kiti, kofia ya rubani, kimegawanywa kwa hesabu ile ile moja, ndiyo maana inafanana na yenyewe kabisa. Nikamwambia hilo nalijua tangu sijafika darasa la pili. Akaniangalia kama nimelewa. Lakini ni kweli, mwenzangu. Sisi hesabu yetu ilikuwa harage.

Ngoja nikueleze vizuri. Nyumbani kwetu Maretadu tulikuwa na tembe, ile nyumba ya zamani yenye paa la udongo. Nyuma kuna zizi, mbele shamba la mahindi na maharage, na kuzunguka boma lote ua wa katani. Katani ikizeeka inatoa mti mrefu katikati. Mti ule ukikauka, ndani yake ni laini na mwepesi kama mkate, unachonga kwa kisu cha jikoni. Asubuhi ukungu unashuka mpaka huoni ng'ombe unayemkamua, unamsikia tu anapumua. Mimi kazi yangu ilikuwa kufunga ndama na kuosha vibuyu vya maziwa kwa mkaa wa moto. Mpaka leo nikisikia harufu ile ya maziwa mgando na moshi, njaa inaniuma hata kama nimeshiba.

Wakati huo vita ya Uganda ilikuwa imeanza. Baba yangu mdogo, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa mgambo. Akachukuliwa na wenzake kwenye lori. Bibi alimtemea mate ya baraka kwenye paji la uso, lori likaondoka, ikawa kimya. Jirani alikuwa na redio, lakini redio haisemi mtoto wa nani amekula na wa nani hajala.

Basi ndipo zile ndege zikaanza kupita. Siyo kila siku. Ukiwa shambani unasikia mbingu inapasuka, ng'ombe wananyanyua mikia, mama anatupa jembe. Unaangalia kule sauti inakotoka, hakuna kitu. Yenyewe imeshafika mbele, inang'aa, imechongoka kama mkuki, inaelekea jua linakozama. Bibi alikuwa anasimama mlangoni na kibuyu mkononi, anamwaga maziwa kidogo chini. "Huyo anakwenda kwa mwanangu," anasema. Anarudi ndani.

Kaka yangu ndiye aliyesema tuitengeneze. Yeye alikuwa hodari wa kuchonga, mimi nilikuwa hodari wa rangi, kwa sababu Bibi alikuwa ananituma nimsaidie kupaka kuta. Shida ikawa ukubwa. Mimi nataka iwe kubwa nipakate, yeye anataka ndogo irushwe. Tukagombana mpaka mama akatishia fimbo. Mwisho kaka akachukua harage moja la njano, akaliweka kwenye jiwe.

"Huyu ndiye rubani," akasema. "Huyu ni mtu mzima kama baba mdogo. Sasa yeye anakaa wapi? Akilala anafika wapi? Bawa lake linamzidi mara ngapi?"

Imekwisha hiyo. Kila kitu tukakipima kwa harage. Ndiyo maana nasema mjukuu wangu hakunifundisha kitu.

Kaka akachonga mwili kwa mti wa katani, akashikiza mabawa kwa miba ya mgunga badala ya misumari. Gundi ilikuwa utomvu wa mnyaa, ule mweupe ambao ukiingia jichoni unalia mpaka jioni. Mimi nikatengeneza rangi. Majivu na maziwa, hiyo nyeupe. Masizi ya sufuria na maziwa, hiyo nyeusi. Udongo mwekundu wa korongoni, huo hauhitaji kitu. Brashi ilikuwa kipande cha katani nimekitafuna ncha mpaka kikawa nyuzi. Tumbo nililipaka vizuri sana, jeupe la mawingu, maana tumbo nililiona. Nikafika mgongoni nikasimama. Mgongo wa ndege ukoje?

"Kaka, huku juu nipake nini?"

"Sijui. Nani ameuona?"

Nikapaka yale maua na mistari ya Bibi ya ukutani. Jamani, ilipendeza! Ndege ya vita imevaa kama bibi harusi.

Tukaitundika kwenye kamba ya katani, inazunguka kwa upepo. Bibi akaja kuiangalia. Sasa Bibi yetu hakuwa wa huku juu. Alikuwa binti wa wafugaji wa Gehandu, kule tambarare za Hanang, akaolewa Maretadu kwa ng'ombe wengi, na alikuwa hatuachi tusahau hilo. Kwao kitu kinachotembea lazima kiwe na mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kwa chapa. Akaigeuza ndege juu chini, akatafuta.

"Hii ya nani?"

"Ya serikali, Bibi," kaka akamwambia.

"Serikali haina chapa?"

Kaka akamwonyesha duara nililochora chini ya bawa. Bibi akalamba kidole, akalisugua, likatoka.

"Hii mwizi anaosha asubuhi, mchana anauza. Ndege hii imembeba mwanangu, halafu haina chapa? Itajuaje pa kurudi?"

Hapo tukaelewa. Kwetu ilikuwa mchezo. Kwa Bibi, mwanawe alikuwa amekaa humo ndani, yeye ndiye lile harage. Hakuna aliyemwambia kwamba baba mdogo aliondoka na lori. Alijua, alimwona kwa macho. Lakini lori halikurudi kupita tena, na ndege zinapita.

Akaingia ndani akatoa chuma cha chapa, kile alichokuja nacho kutoka kwao, akakisukuma motoni. Mama akasema, "Mama, kile ni kijiti tu." Bibi akamjibu, "Na wewe ulipokuja hapa ulikuwa kijiti." Kaka hakumzuia, ndege ni yake lakini Bibi ni Bibi.

Chuma kikawa chekundu. Bibi akaikandamiza ndege kwa goti kama anamkandamiza ndama, akaweka chapa.

Mwenzangu, katani kavu si ngozi ya ng'ombe. Bawa liliwaka mara moja, puu! Bibi akaokota mavi mabichi ya ng'ombe, akayapiga pale pale, moto ukazimika. Mkononi akabaki na ndege ya bawa moja, inanuka maziwa yaliyoungua. Mimi nilianza kucheka, nikamwona uso, nikaacha. Aliiweka chini polepole, akaingia ndani, akafunga mlango mchana kweupe.

Kuanzia hapo Bibi hakula chakula cha maana. Anakamua, anasukasuka kibuyu, anamwagia wengine. Ugali ukiletwa anaumega, anampa mbwa. Mama akamwambia kaka, "Kifiche kile kidude chenu kabla hakijatuulia mtu." Lakini kaka alikuwa mbishi. Akasema kukificha ndiyo kumwambia Bibi kwamba imekwisha kweli.

Tukatafuta mti mwingine wa katani. Kwetu ile iliyokauka ilikuwa imeisha, tukaenda mpaka kwa jirani mwenye redio, tukamwomba. Akatuuliza wa nini. Kaka akasema, "Wa kutengeneza bawa." Yule mzee hakucheka. Akachukua panga akatukatia mwenyewe. Kaka akachonga bawa jipya, akalipima kwa harage lile lile. Mimi nikapaka. Lakini ua la zamani lilikuwa limeshafifia, la bawa jipya likang'aa, ukiiangalia unaona kabisa ndege ina bawa la kuazima.

Tukamkuta zizini anakamua. "Shikamoo Bibi." Akaitika bila kugeuka. Kaka akaiweka kwenye mlango wa zizi, akarudi nyuma.

Bibi akamaliza kukamua, kwanza. Akanawa. Akaja akaishika, akapapasa lile bawa jipya toka ncha mpaka ncha. Akasema, "Lete kisu."

Kule kwao, kama ng'ombe chapa imemharibikia, wamemuunguza vibaya akatoka kidonda, hawamchomi tena. Wanamkata sikio, mkato wa ukoo, na anakuwa wa kwao vile vile. Basi Bibi akashika ncha ya bawa kati ya vidole, akakata kipande cha pembetatu, taratibu, kama vile ingesikia maumivu. Akapuliza vumbi.

"Haya," akasema. "Huyu ni wetu. Mna ugali?"

Alikula, wewe! Mama alisonga mwingine.

Baba mdogo alirudi tukiwa tunapiga maharage. Alitembea kwa miguu kutoka Dongobesh, na blanketi begani, amekonda, shingo imekuwa ndefu. Sisi tukamkimbilia. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja na fimbo wakidhani ni wezi. Bibi hakukimbia. Alimngoja afike, akampa kibuyu, akamwangalia anavyokunywa mpaka mwisho. Halafu akamshika sikio, mtu mzima yule, askari, akalivuta chini akaliangalia mbele na nyuma. Ndipo akalia.

Jioni tukamwonyesha ndege. Baba mdogo akaigeuza, akaanza kucheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu aingie. "Nani kawaambia mgongo una maua? Mimi niliziona zimepaki, kwa mbali, tukiwa kwenye lori. Juu zina madoa, kijani na kahawia, kama mbuzi aliyelala porini. Ili aliye juu asiione."

Nikatoka mbio kutafuta majani ya maharage niyaponde nipate kijani. Bibi akanikamata gauni.

"Imekwenda hivyo hivyo, imerudi hivyo hivyo. Iache."

Ikakaa darini juu ya jiko miaka na miaka, maua yakawa meusi kwa moshi. Nilipoolewa niliiacha pale. Tembe ilipobomolewa, wakajenga ya matofali na bati, nilimuuliza kaka. Akasema mchwa walishakula yote, alikuta miba ya mgunga tu imelala kwenye vumbi, imejipanga kama ilivyokuwa. Akafagia. Ningekuwa mimi pia ningefagia, utafanyaje? Bibi hayupo, baba mdogo hayupo. Ua wa katani umeng'olewa, wameweka seng'enge, na seng'enge huchongi kitu. Kuta ni saruji, hakuna anayehitaji majivu na maziwa. Na zile ndege hazipiti tena, ng'ombe wanakula kwa amani. Hilo silisikitikii hata kidogo. Ninachokosa ni kule kukaa kundi zima tunakitazama kitu kimoja juu, kila mtu anaona mtu wake.

Mjukuu wangu nilimsimulia yote haya akiwa anapaka. Yeye ana karatasi inayoonyesha ndege juu, chini na ubavuni, hakisii kitu. Alisikiliza, brashi imesimama hewani. Akaniuliza, "Bibi, alishinda njaa muda wote huo kwa ajili ya bawa?" Nikamwambia hakushinda njaa kwa ajili ya bawa. Akaelewa, siyo mjinga.

Sasa majina yametoka, ameitwa jeshini kwa mujibu wa sheria kama wenzake wote waliomaliza. Siyo vita, najua. Ni kukimbia, kulima na kuimba, watarudi weusi na njaa ya kufa mtu. Nimemnunulia bukta na raba, nimemtemea mate kwenye paji la uso, akajifuta akidhani simwoni. Ndege ameiacha mezani, upande mmoja umepakwa madoa yake, upande mwingine plastiki tupu. Asubuhi begi liko mgongoni, bodaboda anapiga honi nje, nikamwambia nitammalizia, rangi si zipo?

"Bibi, usiiguse! Haki ya Mungu usiiguse. Siku wanatufungulia geti napanda gari la huku moja kwa moja, Arusha sishuki hata kunywa chai. Nakuahidi. Hilo bawa nakuja kulipaka mwenyewe, na wewe utakuwa umekaa hapo hapo unachambua maharage."