Kiti cha Ontario

Donatienne alikuwa mjane wa miezi minane, na kwa miezi yote hiyo mumewe hakuwa amezikwa. Télesphore alilala katika chumba cha baridi cha nyumba moja ya mazishi huku Etobicoke, katika jimbo la Ontario, Kanada, kwenye barabara ambayo basi la mkewe lilipita kila siku kwenda kazini. Donatienne alijizoeza kukaa upande wa pili wa basi na kutazama maduka. Hakuwahi kulia. Mwanzoni alijishangaa, baadaye hata mshangao ukamwisha.

Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee wasiojiweza. Aliwaogesha, akawavisha soksi, akawanywesha supu kwa kijiko. Siku moja bibi mmoja alimmwagia chai ya moto mkononi, naye akaufuta ule mkono kana kwamba si wake, akaendelea kutandika kitanda. Msimamizi ndiye aliyeona kwamba umeungua.

Sasa utauliza, mtu anakaaje miezi minane bila kuzikwa katika nchi yenye makaburi mazuri namna hii, nyasi zimekatwa na maua yamepangwa? Jibu ni katiba. Umoja wa Familia za Kivu hapa Kanada ni watu wa katiba, usiwaone hivi. Harusini watachelewa saa nne bila haya, lakini ibara na vifungu wamevikariri. Na aliyewaandikia katiba yenyewe, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, ni huyo huyo marehemu.

Kabla ya vita kuwatupa kambini Tanzania, walikokaa miaka kumi na mmoja, Télesphore alikuwa mwalimu wa uraia. Alikuwa ameona wakubwa wakibadilisha katiba kila walipotaka kuongeza siku zao za kutawala. Kwa hiyo katiba ya Umoja aliipiga kufuli. Haibadiliki ila kwa mkutano wa majimbo yote matano yenye matawi, kila jimbo kiti kimoja, na majimbo manne yakubali. Ibara ya tisa ilisema mwanachama akifa, Umoja ndio utakaouchukua mwili na kuurudisha nyumbani. Ibara ya kumi na nne ilisema mjumbe akifa, kiti kinabaki chake mpaka matanga yake yaondolewe. Hiyo aliiweka makusudi, ili mwenyekiti asije akamkalisha shemeji yake pale wakati familia ya marehemu bado iko mkekani.

Mjumbe wa Ontario alikuwa yeye mwenyewe. Akafa kwa moyo mwezi wa tatu, na njia ya kwao ikafungwa na vita. Kurudishwa hakukuwezekana, na kuzikwa huku ibara ya tisa haikuruhusu. Kuibadilisha ibara ya tisa kulihitaji kura ya Ontario, na kiti cha Ontario kilikuwa cha maiti. Ili kiti kipate mtu mwingine, matanga yaondolewe kwanza, na hakuna mtu wa Kivu anayeondoa matanga ya mtu ambaye hajaingia kaburini. Mwalimu alifunga mlango vizuri, akajifungia nje.

Inès, binti yao wa pekee, alimwambia mama yake kwa Kiingereza, kama anavyosema mambo yote, kwamba hiyo ni karatasi tu, wakamchukue baba wamzike.

"Tukimuzika sisi wawili," Donatienne akamjibu kwa Kiswahili, "nani atakuja kukaa na sisi kwenye kilio?"

Lakini lilikuwepo jambo lingine, ambalo mama hakumwambia. Siku mbili kabla ya kufa, hospitalini, Télesphore alimshika mkono akasema, "Usiniache huku, mama. Hii baridi yao sitaiweza." Donatienne akaahidi. Ndiyo maana hakumsumbua mtu. Alivaa nguo zake nyeusi, akaenda kazini, akarudi.

Mkutano wa majimbo ulikaa Jumamosi asubuhi mwezi wa kumi na moja, katika ukumbi wa kanisa Rexdale, karibu na barabara ya Kipling. Mbele paliwekwa viti vitano. Juu ya kiti cha Ontario walilaza koti la kijivu la Télesphore, lililokuwa limetundikwa miezi yote katika stoo ya kanisa isiyo na joto. Donatienne alikaa nyuma na akina mama, karibu na chupa za chai.

Hesabu ilijulikana kabla hata ya maombi ya kufungua. Quebec, Manitoba na Saskatchewan walitaka wafu wazikwe huku iwapo njia imefungwa. Yvan wa Alberta alikataa. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe aliurudisha nyumbani mwili wa mama yake, akamzika kando ya baba yake, na aliogopa kwamba ibara ikilegezwa leo, wajukuu wataizoea na hakuna atakayerudi tena. Kwa hiyo palikuwa na majimbo matatu ya ndiyo, moja la hapana, na koti.

Joyeuse, katibu, akafungua daftari la mahudhurio. Majina huitwa mara mbili, mwanzo wa mkutano na mwisho wake. Télesphore ndiye aliyetaka hivyo, kama darasani, ili wajumbe wasitoroke. Joyeuse akaita wanne, kila mmoja akaitika, kisha akasoma lililobaki kama lilivyoandikwa.

"Télesphore, Ontario."

"Yupo," akasema Donatienne.

Hakukusudia. Lilimtoka tu. Miaka kumi na mmoja kambini alisimama kwenye foleni ya posho na gunia mkononi, na kadi ya familia iliandikwa jina la mumewe. Jina likiitwa, aliyesimama ndiye aliyeitika, awe mke, awe mtoto. Ukichelewa kusema yupo, nyumba nzima inalala njaa. Ukumbini hapakuwa na mtu mzima ambaye hakuwahi kuitikia jina la mwingine namna hiyo.

Wote wakageuka. Yvan akainua mkono.

"Pardon, mwenyekiti. Aliyeitwa ni Papa Télesphore."

Mwenyekiti Moïse alikuwa kiongozi wa mtaa wao kule kambini, na majina hayo ya posho aliyaita kwa kinywa chake. Akamtazama Yvan.

"Kwenu, jina la baba likiitwa, nani alikuwa anaitika?"

Yvan akaushusha mkono. "Mama."

"Na unga walikuwa wanamupa?"

"Walikuwa wanamupa."

"Basi. Kiti ni ya Télesphore, na nyumba yake imeitika. Mama Inès, njoo ukae."

Donatienne akaenda mbele, akaliinua koti, akakaa, akalilaza mapajani. Kura ikaanza. Watatu ndiyo. Yvan hapana. Moïse akauliza Ontario inasemaje.

Alijua mumewe angesema nini. Angesema hapana, alimwomba kwa mdomo wake mwenyewe asiachwe huku. Leo mkewe alitakiwa kuutumia mdomo huo huo kumvunjia ahadi, mbele ya watu wake. Mikono yake ilikuwa juu ya koti, na koti lilikuwa baridi. Aliihisi ile baridi vidoleni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kuhisi kitu chochote kwa mikono ile, naye akaelewa alimoishi mumewe tangu mwezi wa tatu.

"Anakubali," akasema. "Amekaa kwa baridi ya kutosha. Muzikeni."

Manne. Moïse akagonga meza, Joyeuse akaandika, ibara ya tisa ikabadilika. Hakuna aliyepiga makofi. Wakasoma maombi ya kufunga, na Joyeuse akaita tena majina, kama marehemu alivyotaka. Quebec akaitika, Manitoba, Saskatchewan, Alberta.

"Télesphore, Ontario."

Akina mama nyuma waliacha kufunga chupa zao. Donatienne alifungua mdomo, na lile neno la foleni halikutoka. Joyeuse akangoja na kalamu yake.

"Hayupo," Donatienne akasema, na ndipo alipolia, kwa sauti kubwa, mpaka koti likaanguka kutoka mapajani mwake. Yvan wa Alberta akainama, akaliokota, akamfunika nalo mabegani.